Mchezo Wenye Lengo: Mwongozo wa Kufundisha Hisabati Darasa la Awali kwa Kokwa, Vifuu na Mafungu

Watoto wengi wa awali huku kusini mwa Tanzania, iwe Newala, Ruangwa au Kilwa Kivinje, wanaimba moja hadi ishirini bila kukosea. Mwite mmoja wao, mwekee kokwa kumi na mbili za embe mkekani, kisha mwambie, "Nipe nne." Mara nyingi atachota zinazojaa mkononi na kukukabidhi. Wimbo anao, namba bado hana. Mwongozo huu ni kwa mwalimu anayetaka kuliziba pengo hilo, na naamini kwa dhati kwamba kwa mtoto wa miaka mitano hakuna kinacholiziba vizuri kama mchezo, mradi mwalimu ajue kabla ya kuanza anatafuta nini.

Mchezo wenye lengo ni ule ambao hauwezi kuendelea bila mtoto kutumia namba, umbo, kipimo au mpangilio uliokusudia ajifunze. Akikosea, mchezo wenyewe unamwonyesha: kikombe kinapungua, mizani inainama, mwenzake anakosa fungu. Watoto wakirusha mpira tu, wanajenga mwili na urafiki, na hilo ni jema. Hisabati inaingia pale utakapopanga kwamba ni lazima wajue mpira umedakwa mara ngapi ili timu ishinde.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani, walichapisha matokeo ya mchezo rahisi sana. Watoto wa familia zenye kipato kidogo walicheza kusogeza kete kwenye vyumba kumi vilivyopangwa kwa mstari, 1 hadi 10, vipindi vinne vya dakika 15 ndani ya wiki mbili. Uelewa wao wa namba ulipanda waziwazi. Kundi jingine lilicheza mchezo uleule, ila vyumba vilikuwa na rangi badala ya namba, na halikupanda. Walichotofautiana ni kile tu ambacho mchezo ulimlazimu mtoto kukitamka na kukifikiria. Hiyo ndiyo maana ya lengo.

Hatua ya kwanza: chagua wazo moja dogo

Kwenye andalio la somo, usiandike "kuhesabu 1 hadi 10". Ndani ya kuhesabu mna mambo kadhaa, na mtoto anaweza kuwa na moja akakosa jingine. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliyabainisha mwaka 1978, na mpaka leo yanafaa kama orodha ya mwalimu: kila kitu kihesabiwe mara moja tu, majina ya namba yafuate mpangilio usiobadilika, namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vyote, chochote kinaweza kuhesabiwa, hata makofi, na ukianzia kulia, kushoto au katikati, idadi ni ileile.

Kwa hiyo lengo liandikwe hivi: "Mtoto aweze kunipa vitu vitano nikimwomba vitano." Au: "Mtoto aone kwamba kokwa tano zilizotawanywa ni sawa na tano zilizobanana." Lengo likiwa dogo kiasi hicho, utajua mchezo upi unafaa na swali gani la kuuliza.

Kwa mpangilio wa mwaka, mimi huanza na kuchambua na kulinganisha, kisha kuoanisha moja kwa moja (mtoto mmoja, kikombe kimoja), kisha idadi ndogo za kutambua kwa jicho bila kuhesabu, yaani moja hadi tatu. Baadaye huja kuhesabu na kutoa hadi tano, halafu kumi, halafu kuvunja na kuunganisha tano. Maumbo, vipimo na mipangilio inayojirudia hupita katikati ya hayo mwaka mzima. Usikimbilie ishirini. Mtoto anayeijua tano kwa kuivunja na kuirudisha ana msingi mzuri kuliko anayeimba hadi mia.

Mthibiti ubora akiuliza kwa nini watoto wako chini ya mwembe na vifuu, una jibu. Mtaala wa Elimu ya Awali wa 2016, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, uliweka dhana za kihisabati miongoni mwa umahiri wa kujengwa kwa watoto, na michezo miongoni mwa njia za kuujenga. Mwonyeshe andalio lenye lengo, kisha mwache aone watoto wakicheza.

Hatua ya pili: kusanya vifaa, na chunga usalama

Mtwara na Lindi hatuna sababu ya kulia kwamba hatuna zana. Kuna kokwa za embe, vifuu, vizibo vya soda, magunzi ya mahindi, na kwa walio Mikindani, Lindi mjini au Kilwa, makombe ya baharini ya kila ukubwa. Kuna ukili wa rangi kwa ajili ya mipangilio inayojirudia. Omba wazazi, lakini taja kitu na idadi: "kila mtoto alete kokwa kumi zilizooshwa na kukaushwa" huleta matokeo kuliko "leteni zana".

Mambo matatu usiyafanyie mzaha.

Korosho zenye ganda zisiwe kifaa cha kuchezea. Mafuta yaliyomo kwenye ganda yanababua ngozi na mdomo, na mtoto wa miaka minne hakosi kujaribu kung'ata. Kwenye mchezo, kokwa au kokoto ziitwe "korosho", inatosha kabisa.

Viroba na vyombo vya salfa au kiuatilifu chochote cha mikorosho visitumike, hata vikioshwa. Najua kiroba cha salfa ni kipana na kinafaa kuchorea. Tumia cha unga au sukari.

Na vitu vidogo kama mbegu za ubuyu, karanga na kunde ni vya watoto waliokwisha kuacha tabia ya kutia vitu mdomoni au puani. Wadogo wapewe kokwa na magunzi. Vizibo navyo vipondwe kingo kwanza zisikate vidole.

Kila seti iwe na kopo lake lenye idadi kamili: kopo la kokwa kumi, la vizibo ishirini. Mchezo ukiisha, kikundi kinahesabu hadi idadi itimie ndipo kopo lirudi kona ya hisabati. Hapo umepata kipindi kingine cha kuhesabu bila kukipanga, na vifaa havipotei.

Hatua ya tatu: panga darasa kubwa

Wengi wetu tuna watoto wengi kuliko mikeka. Usijaribu kuchezesha wote mchezo mmoja kwa wakati mmoja, isipokuwa ule wa kusimama na kupiga makofi. Gawa vikundi vya watoto sita hadi wanane. Kanuni yangu ni hii: mchezo mpya huchezwa kwenye kona aliyokaa mwalimu tu. Vikundi vingine vinacheza michezo wanayoijua tayari, hata kama ni ileile ya wiki iliyopita. Kurudia hakuwachoshi watoto. Kinachowachosha ni kusubiri zamu.

Weka ishara moja ya kubadilishana kona. Mdundo wa makofi unafaa, na ukiwa wa kujirudia (makofi mawili, kishindo kimoja cha mguu, makofi mawili, kishindo kimoja) unakuwa wenyewe somo la mpangilio. Watoto waliokulia kwenye ngoma ya sindimba huushika haraka kuliko sisi.

Mvua zikianza Desemba hadi Aprili na uwanja ukawa tope, michezo miwili iliyoelezwa hapa chini, njia ya namba na kifuu kinachoficha, inachezeka ndani hata penye nafasi ndogo.

Hatua ya nne: chezesha

*Ghala la korosho.* Huu ndio ninaoupenda kuliko yote kwa watoto wa huku, kwa sababu hauhitaji kuelezwa. Kuanzia Oktoba, mtoto wa Tandahimba au Nachingwea anaona korosho zikiokotwa, zikianikwa, zikichambuliwa, zikipelekwa ghala la chama cha msingi cha ushirika kupimwa, na watu wazima wakizungumzia mnada kutwa. Mchezo tayari upo kichwani mwake. Wewe unaingiza hisabati.

Andaa mkeka wa kuanikia, vifuu vya kufungia mzigo, na mizani. Mizani ni ufito ulionyooka, kamba katikati, umening'inizwa kwenye tawi au boriti, kila ncha ikibeba kifuu kilichofungwa kwa kamba tatu. Kabla ya kutumia, hakikisha umelala sawa vifuu vikiwa vitupu. Ukiinama upande mmoja, sogeza kamba ya katikati hadi utulie, na ufanye hivyo mbele ya watoto. Wagawie kazi: wakulima, wachambuzi, mpimaji, karani. Kesho wabadilishane.

Usitie malengo yote siku moja. Mwanzoni mchezo uwe wa kuchambua tu: kubwa huku, ndogo kule, zilizooza pembeni. Mwulize mchambuzi amejuaje. Wakizoea, weka sheria ya ghala: kila kifuu kiwe na korosho tano kamili, na mpimaji akirudishe chenye nne au sita. Sheria hiyo moja ndiyo inayofanya kazi yote, kwa kuwa sasa watoto wanakaguana. Baadaye peleka mizani mbele. Kabla ya kupima, kila mtoto abashiri: kifuu hiki cha makombe na hiki cha kokwa, kipi kizito? Waonyeshwe mzigo mkubwa wa magunzi ulio mwepesi kuliko konzi ya kokoto, maana wengi wanaamini kikubwa ndicho kizito. Mwishoni karani aanze kuandika, kijistari kimoja kwa kila kifuu kilichopokelewa. Kijistari hicho ni hatua ya mtoto kuelekea tarakimu.

*Mafungu sokoni.* Samaki, nyanya na maembe huuzwa kwa mafungu, kwa hiyo kila mtoto anajua fungu ni nini. Panga mafungu mawili ya kokwa tano tano, moja lililobanana, jingine lililotandazwa. "Lipi lina nyingi?" Wengi wataonyesha lililotandazwa. Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi alilieleza hili miaka mingi iliyopita: katika umri huo jicho linashinda hesabu. Usimsahihishe kwa mdomo. Mwambie aoanishe kokwa ya fungu hili na ya fungu lile, mojamoja, aone kama kuna inayobaki peke yake. Siku nyingine atakosea tena, na utafanya vivyo hivyo tena. Ni suala la umri na mazoea, uzembe haumo.

Mchezo huu pia hufundisha kugawa. Mpe mtoto kokwa kumi na mbili na wateja watatu, kila mteja apate sawa. Wengi watagawa mojamoja kwa mzunguko, na hiyo ni njia sahihi. Mwache amalize.

*Njia ya namba.* Chora vyumba kumi kwa mstari mmoja ulionyooka, 1 kushoto hadi 10 kulia. Cha kurusha ni kizibo cha soda: kikianguka mgongo juu ni 1, tumbo juu ni 2. Mtoto anasogea na kutaja namba za vyumba anavyokanyaga. Hapa usilegeze. Akiwa chumba cha 5 na amepata 2, aseme "sita, saba", asiseme "moja, mbili". Ni badiliko dogo, lakini ndilo linalomfundisha kuendelea kuhesabu kutoka alipo na kuona saba imekaa wapi kati ya namba nyingine. Usipinde mstari kama nyoka. Unyoofu unamsaidia kuona kwamba mbali zaidi ni nyingi zaidi.

*Kifuu kinachoficha.* Kokwa tano wazi, wote wazione. Watoto wafumbe macho, ufunike baadhi kwa kifuu. "Tatu ziko nje. Ngapi zimejificha?" Anayejibu afunue mwenyewe, ajue kama yuko sahihi. Siku moja moja usifiche hata moja, ili wakutane na sufuri. Baada ya hapo wape wachezeshane wawili wawili. Kujumlisha na kutoa kwa Darasa la Kwanza kumelala humu.

*Mdako.* Kwa walio na vidole vyepesi. Kete inarushwa, kokoto zinatolewa shimoni, zinarudishwa na kubakizwa moja, duru inayofuata mbili, na kuendelea. Ambao hawajaweza kudaka wapige kofi moja badala ya kurusha. Waulize: zilitoka sita, umebakiza mbili, ngapi zimerudi?

Rede, kuruka kamba na kujipikilisha navyo vina hisabati tele, na ukishazoea kufikiri hivi utaipata mwenyewe.

Hatua ya tano: uliza kwa wakati wake

Hapa ndipo mwalimu anapofanya kazi hasa. Kwanza tazama bila kusema. Ingia pale mtoto anapokwama au anapokaribia kugundua kitu, na ingia ukiwa mhusika wa mchezo:

"Mpimaji, mbona umekirudisha kifuu hiki?"

"Hakijajaa, Mwalimu."

"Zimo ngapi?"

Mtoto anahesabu kwa kidole. "Nne."

"Ghala linataka tano. Zimepungua ngapi?"

Kimya. Anatazama kifuu, anatazama vidole vyake. "Moja."

"Mwambie mkulima aongeze."

Hakuna "vizuri sana" pale, na haikuhitajika. Mkulima ameongeza na mzigo umepokelewa. Kimya kile nacho usikikatize. Hesabu pumzi zako tano kabla ya kumsaidia, na usiruhusu wenzake wampokonye jibu.

Maswali yanayozaa ni haya: Umejuaje? Tutahakikishaje? Nikiongeza moja itakuwaje? Kuna njia nyingine? Swali la "hii ni ngapi?" ni la lazima, lakini likirudiwa peke yake kila saa mchezo unageuka mtihani na watoto wanaondoka.

Upande wa lugha, kuna jambo linalowababaisha wadogo. Wanaimba "moja, mbili, tatu", kisha wanasikia watoto watatu, vifuu vitatu, mawe matatu. Halafu sita, saba na tisa hazibadiliki kabisa. Wakati wa kunyooshea kidole tumia zile za wimbo. Wakimaliza, uliza "vifuu vingapi?" na wewe mwenyewe utamke jibu zima: "Vifuu vitatu." Kwa mtoto anayetoka nyumba ya Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, jibu sahihi kwa lugha ya kwao ni jibu sahihi. Lipokee, kisha lirudie kwa Kiswahili ili alibebe kwa lugha zote mbili.

Hatua ya sita: kutoka kokwa hadi tarakimu

Usiharakishe penseli. Tarakimu ije baada ya mtoto kuishika idadi mkononi, kisha kuichora kwa vijistari au viduara. Andika tarakimu kwenye vifuu vya ghala, 1 hadi 5, na mtoto ajaze kila kifuu kinavyodai. Baadaye achore tarakimu mchangani kwa kidole, ndipo daftari lifuate. Anayegeuza 3 au 7 katika umri huu hana tatizo, mwonyeshe tu pa kuanzia.

Hatua ya saba: weka kumbukumbu

Huwezi kuwatazama wote kila siku. Chagua kikundi kimoja kwa siku, daftari dogo mkononi, mstari mmoja kwa mtoto. Ishara nilizozoea kuzitafuta: anayehesabu kitu kimoja mara mbili au kuruka kingine, mfundishe kusogeza kila alichohesabu pembeni. Anayehesabu hadi tano vizuri, ukimwuliza "ngapi?" anaanza upya tangu moja, bado hajajua kwamba ile ya mwisho ndiyo idadi; huyu mzungushie mkono vitu vyote baada ya kuhesabu na useme, "Vyote, vitano." Anayekupa konzi ulipoomba nne, mrudishe kwenye mbili na tatu. Anayetoa nne, akaongeza moja kuwa tano bila kuzihesabu tena zote, yuko tayari kwa kumi.

Usimrundikie mtoto alama za vema na kosa. Maneno machache kama "anatoa hadi 4, anachanganyikiwa 5" yatakusaidia kupanga kesho kuliko asilimia yoyote.

Hatua ya nane: wazazi

Mzazi akifungua daftari akakuta halijaandikwa kitu, anaona mtoto alikwenda kucheza tu. Ana haki ya kuuliza. Kwenye mkutano usimhutubie. Mkalishe mkekani, umchezeshe kifuu kinachoficha, kisha mwite mtoto wake acheze naye. Wengi hapo hapo wanaanza kuuliza walete nini.

Mpe kazi za nyumbani zinazoingia kwenye shughuli zake: mtoto apange vikombe vya chai kulingana na watu waliopo, aoanishe malapa yaliyo mlangoni, afunge mafungu ya karanga tano tano, ajue ndoo ipi inajazwa kwa kopo nyingi. Msimu wa korosho familia nyingi huhamia shambani kwa wiki kadhaa na mahudhurio yanashuka. Nakuomba usiishie kulalamika. Kabla hawajaondoka, mpe mtoto mchezo mmoja wa kwenda nao, na umweleze mama au bibi yake namna ya kuucheza: kifuu kimoja na kokwa tano havina gharama wala uzito.

Desemba, kabla ya kuwakabidhi kwa mwalimu wa Darasa la Kwanza, kaa na kila mtoto dakika tatu na kopo la kokwa kumi. Mwambie akupe saba. Ficha baadhi ya tano, aseme ngapi zimejificha. Mwonyeshe tarakimu 4 na 8, aseme ipi ni zaidi na aithibitishe kwa kokwa. Andika aliyoyaweza na pale alipokwama, kwa jina lake, kwenye karatasi moja ya darasa zima. Mpe mwenzako karatasi hiyo pamoja na makopo mawili matatu ya kokwa, ili Januari aanzie hapo ulipoishia.